Aliyeitwa Akakataa Kuondoka

Katika kitabu cha kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons kilichotoka mwaka 2014, mchezaji anayetaka kumwita kiumbe mdogo wa kumfuata hutakiwa kukaa saa nzima mbele ya chetezo cha shaba, akichoma makaa, ubani na majani yenye thamani ya sarafu 10 za dhahabu. Moto ukishavila vitu hivyo, kiumbe hutokea katika umbo la paka, bundi, kaa, nyoka au pweza, naye hukaa. Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Chetezo anakijua, na harufu ya ubani aliizoea kabla hajajua kusoma. Kinachomshangaza ni bei, na zaidi ya bei ni kule kuambiwa kwamba mambo yameishia hapo.

Mchezo wenyewe ulibuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974. Huchezwa kwa maneno, karatasi na dadu. Kila mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, na mmoja wao huichukua dunia yote iliyosalia: bahari, wafalme, wanyama na majini. Kwa lugha ya barazani, ni ngano inayotambwa na watambaji wengi kwa mara moja, yenye sheria za kuamua nani aaminiwe wanapohitilafiana. Majini wamo katika kitabu chake cha viumbe cha mwaka 1977, nao wametoka katika ulimwengu ule ule wa Alfu Lela u Lela uliowalea watoto wa pwani. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili anapoupima mchezo huu hapimi kitu kigeni. Anapima jinsi jamaa walioondoka zamani wanavyoishi ugenini.

Suala ambalo watunga kanuni wa michezo hiyo hulirudia mara kwa mara ni la mwito wa kudumu: vipi kiumbe aitwe, asirudi alikotoka, na mchezo usiharibike? Hofu yao ina msingi. Mwenye viumbe kumi hucheza zamu kumi, ilhali wenzake wanasubiri na chai inapoa. Tena nguvu zisizokwisha hujilimbikiza, na hadithi isiyo na upungufu wowote haina haja ya kusimuliwa. Ndiyo maana aghalabu viumbe wa mwito hupewa saa moja, au chini ya hapo, kisha wakatoweka. Anayetaka kumfunga jini kwa muda mrefu hulipa kito cha sarafu 1,000 za dhahabu, na hata fundi wa daraja la juu kabisa hawezi kuvuka mwaka mmoja na siku moja. Anayefufua mifupa ya maiti huimiliki kwa saa 24. Asipouhuisha uganga wake kabla ya muda huo kwisha, maiti husimama pale pale, hai na asiye na bwana. Katika Pathfinder, mchezo ndugu wa huo, kitabu cha mwaka 2010 kilileta mwitaji ambaye kiumbe wake ni mmoja tu, wakishirikiana alama ing'aayo katika paji la uso, na ambaye huweza kutoa uhai wake mwenyewe ili mwenziwe asirudishwe alikotoka. Hii ya mwisho ndiyo iliyosogelea ukweli zaidi, maana hapo bei imeacha kuwa fedha.

Hata hivyo kanuni zote hizo zina dhana moja zisiyoihoji: kwamba mwanadamu ni mpandaji na mwitwa ni kipando. Pwani, lugha yenyewe inakataa. Katika kilinge, mtu anayepandwa huitwa kiti. Jini ndiye akaaye, mtu hukaliwa. Fundi humwuliza mgeni jina lake, kabila lake, dini yake na anachotaka, naye mgeni huweza kutaka manukato, nguo ya rangi fulani, pete, au chano chenye vitu ambavyo mwenye kiti hajapata kuvila maishani mwake. Vibuki vya Unguja, ambao asili yao hunasibishwa na wafalme wa Bukini, hutaka vileo mbele ya watu wasiokunywa. Almuradi hapa pana maafikiano ya pande mbili, na upande wenye kudai zaidi si wa mwanadamu. Tena maafikiano hayo hayafi na aliyeyafanya. Mwenye jini akifariki, jini hutafuta kiti kingine katika ukoo. Na kijana aliyekataa huambiwa, anapougua, kwamba mgeni wa bibi yake amekuja kudai haki yake. Huo ndio mwito wa kudumu uliokamilika, wenye masharti, gharama na urithi, na hakuna kitabu cha dadu kilichoufikia kwa uzito.

Katika fasihi andishi, aliyeiona gharama hiyo kwa jicho kali kuliko wengine ni Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952). Adili, liwali mwema, ana jini anayemtetea: Huria, aliyewahi kutendewa wema naye. Huria anawageuza nduguze Adili kuwa manyani kwa hiana waliyomfanyia, kisha anamwekea aliyedhulumiwa sharti la kuwapiga kila usiku. Wapo wasomaji waliokiona kisa hicho kama somo la adhabu tu. Kusoma huko ni kwa haraka. Kilicho kizito ni mkono wa Adili. Jini hawapigi yeye. Amemwachia kazi hiyo mtu mpole asiyeitaka, na usiku haumsamehi hata mmoja. Msaada alioupata umegeuka kuwa ada ailipayo kwa moyo wake mwenyewe, mpaka pale mfalme alipoijua siri. Mtunga kanuni wa mchezo yeyote angefaidika kukaa na kitabu hicho kwa juma moja kuliko kuongeza jedwali jingine la sarafu.

Lau mchezo wa namna hiyo ungewekwa Mbinga na katika ufuko wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, mambo yangezidi kuwa magumu, na ndipo yangeanza kupendeza. Nchi yenyewe imegawanyika kwa urefu. Juu ni milima ya Wamatengo, yenye kahawa na mashamba ya ngoro: majani hulazwa mlimani kwa mistari ikatayo mistari, yakafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, pakabaki vishimo vinavyoshika maji ya mvua yasichukue shamba. Ngoro hudumu kwa sababu hufanywa upya; shamba lililoachwa huliwa na mteremko. Chini, karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, ni ziwa ambalo kina chake hufika kiasi cha mita 700, lenye Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kandoni mwake, eneo lililokuwa la wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa wilaya ya Nyasa katika miaka ya mwanzo ya 2010. Huko juu ya maji huonekana wakati mwingine nguzo za moshi pasipo moto. Ni vijidudu vya ziwa, mabilioni yake, vinavyoinuka kwa pamoja na kutoweka; watu wa ufukoni huvikamata na kuvifinyanga vikawa kitoweo. Mbuni wa michezo angekimbilia moshi huo na kuupa jina la jini. Afadhali asifanye hivyo. Moshi unaoliwa una ajabu ya kutosha.

Kusini huko kuna neno ambalo kamusi za Kiswahili zimelipokea: ndondocha. Ni mtu anayesadikiwa kuwa amekufa kwa uchawi kisha akainuliwa afanye kazi ya aliyemwua, hasa usiku, shambani. Pengine huitwa msukule. Hana jina analoitikia wala madai, na katika masimulizi mengi hana ulimi. Hapa ndipo tofauti kati yake na jini inapokuwa ya msingi. Jini huulizwa anataka nini, ndondocha haulizwi. Jini huja na kabila lake na dini yake. Ndondocha amevuliwa vyote viwili. Na yule maiti wa kitabu cha 2014, anayemilikiwa kwa saa 24 na kuhuishiwa uganga kila siku kama mtu atiaye saa majira, ni ndondocha aliyekwenda ng'ambo akasahau kwao.

Msomaji wa visiwani hana ruhusa ya kulitazama neno hilo kwa mbali. Karne ya 19, watu waliotolewa pande za Nyasa walivushwa ziwa kwa majahazi, wakatembezwa hadi Kilwa, wakapakiwa tena kuja Unguja. Soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Lakini Mnyasa alibaki kuwa jina la kabila mjini na mashambani, likiitwa watu ambao wengi wao hawakuliona ziwa. Mtu aliyetolewa kwao akiwa mithili ya maiti kwa jamaa zake, akapewa jina jingine, akapanda mikarafuu ya mwingine bila kuulizwa anataka nini: kama hadithi ya ndondocha haikuzaliwa na msiba huo, basi imeuvaa ukamkaa sawasawa. Hata njia ya kurudi ilipitia hapa. Misheni ya Kianglikana iliyojenga kanisa lake kuu juu ya soko la Mkunazini ndiyo iliyopeleka watu wake Likoma mwaka 1885 na kando zote za ziwa hilo, na kaburi la William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuitumikia misheni hiyo miaka mingi ziwani, liko Liuli. Edward Steere, askofu wa misheni hiyo hiyo, ndiye aliyekusanya ngano za Unguja katika kitabu cha 1870, zikiwamo za majini. Kisiwa na ziwa vimesomana muda mrefu.

Basi mchezo unaompa mchezaji jeshi la wafu watiifu humpa shamba la watumwa bila kumwambia. Haitoshi kusema ni mchezo tu. Kila mwanafasihi anajua uzito wa maneno hayo mawili, kwani hata ngano ilikuwa ngano tu. Na liko jambo la karibu zaidi kuliko karne ya 19. Sheria ya uchawi iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928 ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, na wazee, hasa wanawake, wameendelea kuuawa nchini kwa kushukiwa. Anayesemwa kijijini kuwa ana ndondocha shambani mwake hatupiwi dadu. Mara nyingi kosa lake ni kwamba mahindi yake yamestawi, au amezika watoto akabaki yeye. Kanuni inayosema kwamba mwenye mavuno mengi huenda ana wafanyakazi wa siri imekwisha andikwa, na watu wamekwisha iamini. Mbuni anayeiingiza katika mchezo bila kuigeuza huipigia chapa ya pili.

Kuigeuza kunawezekana, na Mohammed Said Abdulla aliwahi kuonyesha namna. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inapatikana panapo mzimu, na kila mtu ana sababu ya kuridhika kwamba mzimu ndio uliofanya kazi. Bwana Msa haridhiki. Haukejeli mzimu wala waaminio. Anavuta kiko chake na kuuliza nani anafaidika. Swali hilo, likiwekwa ndani ya mchezo, lingefaa kuliko silaha yoyote: kijiji kinamshtaki bibi mmoja, wachezaji wanatumwa kwenda kumtafuta ndondocha wake usiku, na shambani wanamkuta mjukuu wake akipalilia kwa mbalamwezi kwa sababu mchana yuko shule. Kinachobaki ni kurudi kijijini na kusema hivyo mbele ya watu wenye mawe mikononi.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba ufuko huo unangoja kufundishwa mchezo wa kuvaa nafsi. Unao. Ngoma ya mganda, inayochezwa pande zote mbili za ziwa, ni tawi la beni, na beni ni mtoto wa pwani, aliyezaliwa Lamu na Mombasa akafuatana na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 mpaka bara. Chama cha mganda hugawa vyeo. Yuko mfalme, yuko kapteni, yuko daktari. Mwendo ni wa gwaride, ngoma zinapiga, na vijana wa kijiji cha uvuvi wanapita mstari mmoja kama kikosi kinachokaguliwa. Wanaotazama wanajua kwamba yule kapteni jana alikuwa akianika usipa. Wanajua pia kwamba leo ni kapteni.

Jambo hili lastahili kuangaliwa zaidi kuliko linavyoangaliwa na wanaohesabu ngoma kwa ajili ya utalii. Vita vile vilifika ziwani mapema mno. Agosti 1914, manowari ya Waingereza, Gwendolen, iliivamia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Liuli, bandari iliyoitwa na Wajerumani Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Meli ya Kijerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake, rafiki wa yule aliyekuja kumpiga, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Kisa hicho husimuliwa Ulaya kama kichekesho. Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha: makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa njaa na maradhi, na wengi bila kaburi lenye jina. Mganda ulimwita askari kutoka huko. Haukumwita ili apigane. Ulimvua bunduki, ukamtia filimbi mkononi, ukamfundisha kucheza, naye akakaa. Ukizipima kanuni zote za mwito wa kudumu, hii ndiyo yenye mafanikio makubwa: kiumbe wa kutisha ameitwa, amepewa cheo, amewekewa mipaka ya uwanja, na analishwa kwa jasho la wanaomcheza. Siku watu wakiacha kumcheza atakuwa wapi, hilo ni swali ambalo mbuni wa mchezo anapaswa kuwa nalo pia.

Ruvuma imepata kuujua mwito wa namna nyingine, na Ebrahim Hussein ameuandikia tamthilia. Kinjeketile (1969) huanzia mbali, Ngarambe, ambako mganga anaingia mtoni na kutoka akiwa na pepo Hongo kichwani. Hussein anaacha historia ifanye kazi yake na kushughulika na jambo moja: neno lililotamkwa na mtu aliyepandwa, ambalo mwenyewe akizindukana halielewi lote, limekwisha kua na kumzidi kimo. Kinjeketile anashuku, watu hawashuku. Anataka kusubiri, neno halisubiri. Maji yalifika Ungoni mwaka 1905, na Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea watu zaidi ya 60, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Milima ya Wamatengo iko jirani tu na hapo. Ni jambo la kushangaza kwamba watunga michezo, wanaohangaika hivyo na viumbe wenye pembe na mabawa, hawajamfikiria kiumbe huyu asiye na mwili: neno lililoitwa, likashika watu, na ambalo mwitaji hana tena uwezo wa kulituma lirudi. Hilo halihitaji kito cha sarafu 1,000. Huhitaji watu waliochoka kudhulumiwa na mtu mmoja anayeaminika.

Yupo na Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, aliyepindua kila kitu katika Babu Alipofufuka (2001). Bwana mkubwa K hakumwita mtu. Babu yake aliyekufa ndiye anayemjia, akamtoa katika starehe zake na kumtembeza akaone hali ya watu anaowasahau. Riwaya ina sehemu ambazo kejeli yake hupiga kelele kuliko inavyohitaji, lakini umbo lake ni la haki: mfu ana ulimi, aliye hai anakosa la kusema. Wangoni na majirani zao huwaita wazee waliotangulia mahoka, nao huombwa na kutambikiwa, hawatumwi. Mchezo ungeweza kuwa na kanuni ya namna hiyo bila kuvunjika, kwamba aliyekufa huweza kumwita mchezaji, na mchezaji asiyeitika hupungukiwa na kitu ambacho dadu haziwezi kumrudishia.

Mbuni akiyapokea hayo, jedwali lake lingebadilika sana. Pale palipoandikwa bei pangeandikwa madai, nayo yangetoka kwa mwitwa, yakiongezeka kadiri anavyokaa. Kila kiumbe angekuwa na jina ambalo mchezaji hana budi kulijua, na akilisahau mezani kiumbe amesahaulika katika hadithi pia. Wafu wasio na ulimi wangewezekana kuinuliwa, kwa kuwa ubaya nao una nafasi katika ngano, ila mchezaji angetakiwa kusema kwa sauti, mbele ya wenzake, huyu alikuwa mtoto wa nani. Na mchezo usingekwisha kwa kifo cha mwitaji. Siku hiyo karatasi yake ingewekwa katikati ya meza, pamoja na orodha ya wote aliowaita na ahadi alizowapa, na aliye karibu naye kwa ukoo angeulizwa kama anazipokea. Akikaa kimya, msimamizi angegeukia wa pili, na chetezo kingekuwa kingali na moto.